Sarufi kama Funksheni: Mielekeo ya Utafiti katika Uandishi wa Programu na Nafasi ya Lugha za Kibantu, kwa Kurejelea Kinyiha cha Mbozi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza mielekeo mitano ya utafiti katika uandishi wa programu kwa funksheni, yaani ule mtazamo unaoichukulia programu kuwa ni mkusanyo wa funksheni za kihisabati badala ya orodha ya amri. Inadaiwa kwamba mielekeo hiyo si jambo la wanakompyuta peke yao. Kwa lugha ambazo zina wasemaji lakini zina maandishi machache, kama Kinyiha kinachozungumzwa Mbozi, sarufi iliyoandikwa kwa funksheni ni njia mojawapo chache za kuiwezesha mashine kuitumia lugha bila ya kusubiri matini ambazo pengine hazitaandikwa kamwe. Mifano mingi imetolewa katika Kiswahili kwa sababu msomaji anaweza kuipima mwenyewe.

1.0 Utangulizi

Mbozi Mission, katika mkoa ambao tangu 2016 unaitwa Songwe, ni miongoni mwa mahali ambapo Kinyiha kilianza kuwekwa katika maandishi. Mmishonari Traugott Bachmann wa Kanisa la Moravian alifanya kazi hapo tangu mwishoni mwa karne ya 19 hadi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na alilitafsiri Agano Jipya kwa Kinyiha. Katika uainishaji wa Guthrie lugha hii imepewa namba M23. Imezungukwa na Kinyamwanga, Kimalila, Kisafwa na Kindali, na lugha zenye jina la Kinyiha, au ndugu zake wa karibu, zinasemwa pia ng'ambo ya mpaka, Zambia na Malawi. Shuleni watoto wa Mbozi hufundishwa kwa Kiswahili. Kinyiha ni lugha ya nyumbani, shambani na ya sehemu ya maisha ya kanisa.

Hali hiyo inazaa tatizo ambalo halikuwapo wakati wa Bachmann. Mashine zinazotafsiri na kuandika lugha siku hizi hutegemea zaidi modeli kubwa za lugha, nazo hujifunza kutokana na wingi wa matini. Kiswahili kina matini za kutosha kwa kiasi fulani: Kongoo ya Kiswahili ya Helsinki, katika toleo lake la 2016, ina maneno yapatayo milioni 25. Kinyiha hakina akiba ya aina hiyo, na maandishi yake mengi ni ya dini. Mashine iliyojifunza lugha kwa kusoma Injili tu haiwezi kutegemewa kueleza namna ya kumeza dawa au kupulizia mibuni.

Swali la msingi basi ni hili: Je, iko njia ya kuifundisha mashine lugha kwa kuanzia na ujuzi wa sarufi, ambao mwanaisimu na wasemaji wachache wanaweza kuutoa, badala ya kuanzia na mamilioni ya sentensi? Jibu linalotolewa hapa ni kwamba njia ipo, na kwamba imetokana na tawi la sayansi ya kompyuta ambalo idara za Kiswahili zimekuwa mbali nalo.

2.0 Asili ya Mtazamo

Katika hisabati, funksheni hupokea ingizo na kutoa tokeo, na kwa ingizo lile lile tokeo huwa lile lile daima. Katika miaka ya 1930 Alonzo Church alibuni kalkulasi ya lambda, ambamo kila ukokotoaji huelezwa kwa kuunda funksheni na kuzitumia. Wazo hilo liliingizwa katika lugha za programu na John McCarthy alipobuni LISP mnamo 1958. Katika miaka ya 1970 Robin Milner na wenzake walibuni ML, iliyoongeza mfumo wa aina unaomwezesha mwandishi kugundua makosa kabla programu haijaendeshwa. Mwaka 1990 ilichapishwa taarifa ya kwanza ya lugha iitwayo Haskell, ambayo hadi leo ni uwanja mkuu wa majaribio ya watafiti wa fani hii.

Tofauti kati ya mtazamo huu na ule uliozoeleka inaweza kuelezwa kwa lugha ya kawaida. Programu ya amri husema: "Fanya hili, kisha badilisha lile, kisha rudia." Programu ya funksheni husema: "Jambo hili ni sawa na jambo lile." Sarufi nayo husema hivyo hivyo. Mwanasarufi hasemi kwamba kwanza msemaji achukue mzizi, kisha aubandike kiambishi. Husema kwamba umbo la neno ni matokeo ya mzizi, ngeli na idadi. Kwa maneno mengine, wanasarufi walikuwa wakiandika funksheni kabla ya kompyuta kuwapo.

Uhusiano huo umekwisha kufanyiwa kazi. Gérard Huet aliuchambua Kisanskriti kwa lugha ya programu ya OCaml. Mwaka 2004 Markus Forsberg na Aarne Ranta, wakiathiriwa na kazi yake, walionyesha namna ya kuandika mofolojia ya lugha yoyote kwa Haskell. Ranta, ambaye kitabu chake cha 1994 kilijadili sarufi kwa misingi ya nadharia ya aina ya Per Martin-Löf, alianzisha mnamo 1998 mfumo wa Grammatical Framework, yaani GF, ambao ni lugha ya programu ya kuandikia sarufi. Wanjiku Ng'ang'a wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliieleza sarufi ya Kiswahili katika mfumo huo mwaka 2012. Baada yake Benson Kituku na wenzake walishughulikia Kikamba na Ekegusii, na kwa upande wa Afrika Kusini ziko kazi juu ya Kizulu na Kitswana.

Haifai kusahau kwamba njia nyingine ya kisarufi iliitangulia hii. Arvi Hurskainen alianza mwaka 1985 kuunda kichanganuzi cha maneno ya Kiswahili kwa kutumia modeli ya ngazi mbili ya Kimmo Koskenniemi. Mafanikio yake ni ushahidi kwamba kwa lugha za Kibantu kanuni zilizotungwa vizuri zina uwezo mkubwa. Yaliyoongezwa na mtazamo wa funksheni ni mawili: aina, na uwezo wa kuziunganisha lugha kadhaa katika muundo mmoja wa maana.

3.0 Ngeli na Mnyambuliko kama Funksheni

Chukua kivumishi -eusi. Si neno bali ni funksheni inayosubiri ngeli na idadi:

-eusi (KI-VI, umoja) = cheusi
-eusi (KI-VI, wingi) = vyeusi
-eusi (LI-YA, umoja) = jeusi
-eusi (LI-YA, wingi) = meusi

Tokeo la kwanza limepatikana kwa kuunganisha funksheni mbili. Ya kwanza huchagua kiambishi ki-, ya pili huugeuza mfuatano wa ki- na irabu kuwa ch-. Ila ya pili haifanyi kazi kila mahali: chakula huenda na vyakula, lakini kiazi huenda na viazi, na kioo hakiwi "choo". Mwandishi wa sarufi analazimika kuamua ni wapi kanuni itumike na ni wapi taarifa iwekwe katika leksimu. Uamuzi ambao katika kitabu cha sarufi unaweza kufichwa nyuma ya maneno "kwa kawaida" hapa hauna pa kujificha.

Mfano wa kiboko unaonyesha faida ya aina. Neno hili lina umbo la KI-VI, lakini upatanisho wake ni wa A-WA: "kiboko mkubwa amelala." Ikiwa programu ina aina moja tu iitwayo "ngeli", lazima ikosee ama katika umbo la wingi ama katika upatanisho. Ikiwa ina aina mbili, ngeli ya umbo na ngeli ya upatanisho, kosa haliwezekani kuandikwa. Mjadala wa siku nyingi kuhusu misingi ya kuainisha ngeli, kwamba iwe ni mofolojia au sintaksia, unajitokeza hapa kama suala la kiutendaji lenye jibu: vigezo vyote viwili vinahitajika, na visichanganywe.

Mnyambuliko wa vitenzi ni mfano bora zaidi. Kauli ya kutendea ni funksheni inayochukua kitenzi na kukiongezea yambwa. Kauli ya kutendana huchukua kitenzi chenye yambwa na kukiondolea. Kitenzi nuna hakina yambwa, kwa hiyo "nunana" hukataliwa na mfumo wa aina. Nunia kina yambwa, kwa hiyo nuniana hukubaliwa. Mpangilio wa viambishi tamati, ambao aghalabu hutolewa kama orodha ya kukariri, unaonekana kuwa kwa sehemu kubwa ni matokeo ya aina. Pale ambapo aina hazitoshi, kama katika fanana, ambayo maana yake haipatikani kwa kuunganisha maana ya fana na ile ya -an-, mtafiti ameonyeshwa neno lililoganda na linalostahili kuorodheshwa peke yake.

4.0 Mielekeo ya Utafiti wa Sasa

4.1 Aina tegemezi

Mwelekeo wa kwanza ni wa aina zinazotegemea thamani. Katika lugha kama Agda, Idris na Lean, aina inaweza kusema si tu kwamba "hiki ni kirai nomino" bali kwamba "hiki ni kirai nomino cha ngeli hii na idadi hii." Kauli kuhusu programu huwa ni aina, na programu yenyewe huwa ni uthibitisho wa kauli hiyo. Kwa lugha ambamo upatanisho hupita katika kivumishi, kionyeshi, kitenzi na kirejeshi kwa pamoja, nguvu hiyo inalingana na hali halisi ya sarufi. Utafiti unaoendelea unahusu namna ya kupunguza mzigo wa kuandika uthibitisho, kwani hadi sasa ni kazi nzito kwa asiyebobea.

4.2 Upimaji kwa sifa

Mwaka 2000 Koen Claessen na John Hughes walitoa zana iitwayo QuickCheck. Badala ya kuandika mifano ya majaribio mmoja mmoja, mwandishi hutaja sifa ambayo lazima iwe kweli daima, kisha mashine hutunga mifano kwa bahati nasibu na kutafuta ule unaoivunja. Kwa mwanaisimu sifa hizo ni za kawaida kabisa: umbo lililozalishwa likichanganuliwa lirudishe mzizi ule ule, na wingi wa neno ukirudishwa katika umoja utoe neno la awali. Umuhimu wake unaonekana katika hesabu. Ukichukua viambishi vya kiima 15, njeo 5, na nafasi ya yambwa yenye uwezekano 16 pamoja na ule wa kuwa tupu, kitenzi kimoja kina maumbo 1,200 hata kabla ya ukanushi, urejeshi na mnyambuliko. Hakuna mtu awezaye kuyapitia yote. Mashine ikivunja sifa kwa umbo moja la ajabu, msemaji huulizwa umbo hilo tu. Hivyo muda wa wazee wanaoijua lugha, ambao ndio rasilimali adimu kuliko zote, hutumika pale unapohitajika.

4.3 Programu za pande mbili

Mwelekeo wa tatu ni wa kuandika kanuni mara moja na kuitumia pande zote mbili. Tangu miaka ya 2000 Benjamin Pierce na wenzake wameendeleza nadharia ya lenzi, ambamo badiliko lililofanywa upande mmoja hurudishwa kwa usahihi upande wa pili. Katika GF, sarufi ile ile huzalisha sentensi kutokana na maana na hupata maana kutokana na sentensi. Kwa mradi wenye watu wawili au watatu, kuandika kanuni mara moja badala ya mara mbili ni tofauti kati ya kumaliza na kutomaliza.

4.4 Athari na vidhibiti vyake

Funksheni safi hutoa jibu moja, ilhali lugha ina utata. Neno ua ni la bustani, la nyumba na la mauaji, na paa ni mnyama, sehemu ya nyumba na kitenzi. Eugenio Moggi alionyesha mwishoni mwa miaka ya 1980 kwamba matukio kama haya, pamoja na mabadiliko ya hali na makosa, yanaweza kuelezwa kihisabati kwa monadi, na Philip Wadler akayaingiza mawazo hayo katika uandishi wa programu. Utafiti wa sasa umehamia kwenye athari za kialjebra na vidhibiti vyake, vilivyoasisiwa na Gordon Plotkin na Matija Pretnar mnamo 2009 na kuingizwa katika OCaml 5 mwaka 2022. Faida yake ni utengano: sarufi hutamka tu kwamba "hapa pana uchaguzi", na kidhibiti, kilichoandikwa mahali pengine, huamua kama majibu yote yatolewe, au lililo karibu zaidi na muktadha, au msomaji aulizwe. Utaratibu huo huo unafaa kwa lahaja. Sarufi moja ya Kinyiha inaweza kubeba tofauti za pande mbili za mpaka bila ya kuamua kwamba upande mmoja umekosea.

4.5 Muundo wa pamoja wa maana

Mwelekeo wa tano unahusu kutenganisha sintaksia dhahania, inayobeba maana, na sintaksia halisi, ambayo ni ya kila lugha. Maktaba ya sarufi ya GF ina lugha zaidi ya 30 zilizojengwa hivyo. Mradi wa Abstract Wikipedia, ulioidhinishwa mwaka 2020, pamoja na Wikifunctions iliyofunguliwa 2023, umelenga kuandika maarifa mara moja kwa funksheni na kuyatoa katika lugha nyingi. Hapa pia ndipo tahadhari inapohitajika. Sintaksia dhahania ya pamoja ilikua kutokana na lugha za Ulaya, na kauli ya kutendea haikuwa katika misingi yake. Lugha za Kibantu zikiingia kama wageni, zitalazimika kusema kile tu ambacho Kiingereza kimekwisha kusema. Zikiingia mapema na kwa wingi, zitaubadilisha muundo wenyewe.

5.0 Matumizi: Agizo la Dawa

Uzito wa mambo haya unadhihirika katika sentensi ndogo. Mbozi Mission ina hospitali, na kwa mgonjwa yeyote wa kijijini hakuna matini muhimu kuliko agizo la dawa: "Meza vidonge viwili mara tatu kwa siku." Katika sintaksia dhahania agizo hilo ni funksheni yenye maingizo manne: tendo, dawa, kipimo na idadi ya mara. Kiswahili hulitoa kwa kufuata ngeli ya dawa: vidonge viwili, matone mawili, tembe mbili. Namba ikiwa sita, saba au tisa, upatanisho hutoweka: vijiko viwili lakini vijiko sita. Kanuni hizo ni chache, zinaandikika kwa siku moja, na zinaweza kupimwa kwa sifa moja isiyo na mjadala, kwamba namba iliyoingia ndiyo namba iliyotoka.

Modeli iliyojifunza kwa matini huweza kutoa sentensi tamu yenye namba isiyo sahihi, na kwa lugha yenye matini chache hatari hiyo ni kubwa zaidi, maana wasahihishaji pia ni wachache. Sarufi ya funksheni haitoi sentensi tamu kila mara, wala haiwezi kusimulia hadithi. Lakini ndani ya mipaka yake haibuni. Zaidi ya hayo, sarufi iliyokusanywa ni ndogo kiasi cha kukaa ndani ya simu na kufanya kazi pasipo mtandao, jambo lenye maana katika vijiji vilivyo mbali na barabara kuu ya Tunduma.

Ili Kinyiha kifikie hatua hiyo, sarufi ya Kiswahili inaweza kutumika kama kiunzi. Mfumo wa ngeli, nafasi za viambishi katika kitenzi na kauli za mnyambuliko ni urithi wa pamoja wa Kibantu, na huweza kuandikwa kama funksheni zenye vigezo. Kinyiha hujaza vigezo hivyo kwa maumbo yake. Pale Kiswahili kinapotumia ki- katika jina la lugha, chenyewe husema Ishinyiha, kikiwa na shi- na irabu tangulizi ambayo Kiswahili hakina. Kazi ya Kituku na wenzake kuhusu Ekegusii ilitumia hoja ya aina hiyo, kwamba ufanano wa lugha jirani hupunguza gharama ya kuunda sarufi mpya. Toni, ambayo Kiswahili hakina na ambayo ni sifa ya lugha nyingi za Kibantu, itahitaji funksheni za ziada na utafiti wa uwandani wa makini.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba aina tegemezi, upimaji kwa sifa, programu za pande mbili, vidhibiti vya athari na sintaksia dhahania ya pamoja ni mielekeo yenye kukutana katika jambo moja: kuifanya kanuni iliyotamkwa wazi iweze kuaminiwa. Mwanaisimu wa Kibantu anazo kanuni, na kwa Kiswahili zimekwisha kuandikwa kwa zaidi ya karne moja. Kwa lugha nyingi ndogo bado zimo katika vinywa vya wasemaji, shajara za uwandani na tasnifu zilizomo makabatini.

Haipendekezwi kwamba njia hii ichukue nafasi ya modeli kubwa za lugha. Sentensi sahihi zinazozalishwa na sarufi zinaweza kuwa chakula cha modeli hizo, na modeli zinaweza kupendekeza misamiati ambayo sarufi itaihakiki. Linalopendekezwa ni kwamba idara za Kiswahili na isimu ziingize somo la uandishi wa sarufi kwa funksheni katika mafunzo ya uzamili, na kwamba tasnifu ya mofolojia ya lugha yoyote ya Tanzania iambatane na sarufi inayoendeshwa na mashine. Atlasi ya Lugha za Tanzania ya mwaka 2009, iliyotolewa na mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilionyesha mahali lugha hizo zilipo na wingi wa wasemaji wake. Hatua inayofuata ni kuonyesha jinsi zinavyofanya kazi, nayo haiwezi kuahirishwa sana, kwa kuwa kipimo cha mwisho cha kila funksheni ya Kinyiha ni msemaji anayeweza kusema, bila ya kufikiri, "hivyo ndivyo" au "hivyo sivyo."